Friji Haitaki Mlima

Mtu akinunua gari-nyumba, kila anayekutana naye humuuliza atakwenda nalo wapi. Scotland? Ufaransa? Swali la maana, yaani atalilaza wapi, halimjii mtu mdomoni. Gari la namna hiyo, lenye kitanda, jiko, sinki na choo nyuma ya kiti cha dereva, hutembea wiki chache kwa mwaka. Muda uliobaki limesimama nyumbani kwa mwenyewe likila bima. Kwa hiyo safari inayostahili kufikiriwa kuliko zote ni ile fupi ya kutoka barabarani hadi mlangoni, na kwetu safari hiyo ni ya kupanda mlima.

Tunaishi Sheffield, kaskazini mwa Uingereza. Wenyeji hujisifu kwamba mji wao umekaa juu ya vilima saba, sawa na Roma. Haya, lakini Warumi juu ya vilima vyao walijenga mahekalu. Hapa wamejenga nyumba za watu wanaorudi kutoka zamu ya usiku kukiwa na barafu. Mwaka 2014 mashindano ya baiskeli ya Tour de France yalipoanzia Uingereza, siku ya pili ilimalizikia hapa kwetu, na waandaaji wakawapitisha wale vijana Jenkin Road, barabara ya mtaani yenye sehemu inayofika mwinuko wa asilimia 33. Watu wanaolipwa kwa kupanda milima walinyanyuka kwenye viti vyao wakayumba. Bibi wa mtaa ule huipanda akiwa na mfuko wa viazi, na jezi hapewi.

Kinjia chetu cha kuingizia gari hakifiki huko. Kinapanda sentimita 12 na nusu kwa kila mita, basi. Kwenye karatasi ni kitu kidogo. Mke wangu, mzaliwa wa Temeke, ambako mwinuko unaotajika ni tuta la barabarani, anakiita ukuta uliochoka kusimama.

Mimi natoka Lushoto, na jambo hilo hunigharimu heshima. Jamaa zetu wa huku huniambia: wewe mtoto wa Usambara, uliyejifunza kutembea mguu mmoja ukiwa juu na mwingine chini, unaogopaje kilima cha mlangoni? Hawajui. Mtu wa milimani haishi kwenye mteremko, huuchimba kwanza. Kabla ya fundi kuitwa kuna majuma ya sururu na koleo, udongo unatolewa juu na kumwagwa chini, mpaka kipatikane kiwanja ambacho ukiweka chungwa halikimbii. Hapo ndipo nyumba inapoanza. Anayedhani Wasambaa wanapenda mteremko hajawaona wakigombea kipande cha tambarare na ndugu zao. Mjenzi wa mtaa wetu, kwa upande wake, aliichimbia nyumba kiwanja chake, kinjia akakiacha alivyokikuta. Zama hizo gari la familia lilikuwa fupi, na mwenye nyumba hakuona sababu ya kuwa na nyingine yenye matairi.

Gari-nyumba lililetwa na shemeji. Huyu ni mdogo wake mke wangu, dereva wa malori makubwa. Alianza kazi akiwa utingo katika njia ya Dar es Salaam na Tunduma, akaja huku, akafanya mitihani yao yote, na sasa anaendesha lori ambalo mimi hata kulipita barabarani naogopa. Yeye na dada yake walichanga fedha wakapata gari lililotumika, urefu mita 7. Mimi nilishirikishwa baada ya malipo ya awali, wakati ambapo ushauri huwa umeshageuzwa jina na kuitwa baraka. Hata kuliendesha naruhusiwa kwa kubanwa. Sheria za hapa zinasema aliyefaulu mtihani wa udereva kuanzia mwaka 1997 asiendeshe kwa leseni ya kawaida gari la dizeli linalozidi kilo 3,500 likiwa limesheheni. Letu limesimama juu ya mstari huo. Ukijaza tangi la maji safi lita 100, kilo 100 zimeshapanda kabla mama mkwe hajapanda.

Lilifika Jumamosi, chini ya ile mvua ya Sheffield isiyonyesha wala kukatika. Shemeji akalielekeza mlangoni, akakanyaga mafuta, matairi ya mbele yakazunguka, gari likabaki pale pale. Akashuka, akaitazama lami, akatikisa kichwa, akatangaza kwamba tutaingia kinyumenyume.

Hakuwa anabahatisha. Magari-nyumba mengi ya Ulaya yamejengwa juu ya magari ya mizigo yanayovutwa na matairi ya mbele. Likielekea mlimani, uzito unarudi nyuma kwenye kitanda, makabati na choo. Matairi ya mbele yanabaki mepesi, na penye maji na ukungu wa kijani yanajizungukia bure. Likipanda kwa kurudi nyuma, pua ndiyo inabaki chini, uzito unailalia, matairi yanauma lami. Kwa hiyo gari lililogoma kupanda likitazama mbele linaweza kupanda likitazama ulikotoka. Shemeji alilijua hilo kutoka kazini. Alichokosa ni utingo.

Utingo nikawa mimi. Sasa, utingo wa kweli hana maneno mengi. Husimama pale dereva anapomwona kwenye kioo, hupiga bodi kwa kiganja, na msamiati wake wote ni njoo, kata, nyoosha, hapo hapo. Mimi ni mwalimu. Nina ugonjwa wa kueleza sababu.

“Shemeji,” nikaanza, “nadhani ukiendelea na mwelekeo huo kuna uwezekano wa upande wa kushoto, yaani kushoto kwangu mimi niliyesimama huku...”

“Shemeji! Niambie njoo au hapo hapo!”

Wakati huo akatokea jirani wa chini, mzee mstaafu wa kiwanda cha chuma, amevaa ndara za ndani na kushika mwavuli. Mwanamume wa Yorkshire hawezi kuona gari likirudi nyuma akabaki sebuleni. Akasimama upande wa pili, akaanza kupunga mkono kwa Kiingereza. Upande mmoja shemeji anasikia “kata kulia”, upande wa pili anaoneshwa mkono unaosema kushoto, na juu dirishani dada yake anapiga kelele kwamba ua la jirani wa juu litaguswa. Basi la abiria likafika. Kinjia chetu kinafungukia barabara nyembamba, na gari la mita 7 likiwa limekaa mshazari halina tofauti na geti. Dereva wa basi akazima injini. Abiria wakafuta ukungu vioo vyao ili waone vizuri.

Kisha ikasikika krrrr.

Hesabu yake nimekuja kuifanya baadaye, na naiandika hapa kwa faida ya wengine. Mkia wa gari letu, kutoka tairi ya nyuma hadi bampa, ni mita 2. Gari linaporudi, mkia unaufikia mlima kabla ya matairi ya nyuma hayajaanza kupanda. Matairi bado yako chini barabarani, tena yamezama kwenye mtaro, na mita 2 za mkia zinakutana na ardhi iliyokwisha kupanda sentimita 25. Chini ya mkia, penye bomba la kutolea maji ya sinki na bafu, uwazi ulikuwa sentimita 22. Hapakuwa na dereva wala utingo ambaye angezipata sentimita 3 zilizopungua kwa ustadi. Zilihitaji mbao.

Koki ya bomba ilivunjika. Mwenye gari wa zamani hakuwa amemwaga maji yake machafu, kwa hiyo tulirithi kila alichoosha katika safari yake ya mwisho: vyombo, miguu na, kwa harufu yake, mbwa. Maji yalishuka kwa utaratibu kupitia kinjia, yakavuka njia ya waenda kwa miguu, yakalipita basi chini ya mlango wake. Mzee mstaafu aliinua ndara moja, halafu nyingine, akaendelea kupunga mkono.

Mbao zilitoka kwake pia. Tukazilaza kwenye mtaro, matairi ya nyuma yakazipanda kwanza, mkia ukainuka, na gari likaanza kupanda. Gia ya kurudi nyuma haina upole; shemeji alilazimika kulishika gari kwa klachi njia nzima, na harufu ya klachi iliyoungua ikachukua nafasi ya harufu ya mbwa. Abiria walipiga makofi. Nasikia hata leo video yake ipo simuni mwa watu.

Sasa gari liko juu, pua inatazama bondeni, nyumba za wenzetu zimepangana chini yake. Shemeji akavuta hendibreki, akaingiza gia ya kurudi nyuma, akakata usukani hadi mwisho ili likitoroka ligonge ukuta wetu na si wa mtu. Kisha akashuka akauliza, “Jiwe liko wapi?”

Aliyepita Mlima Kitonga anaielewa haraka ile kazi ya utingo anayeruka kabla lori halijasimama, jiwe mkononi, na kulisukumia nyuma ya tairi. Barabara zetu zimejaa mawe yaliyoachwa pale na watu walioondoka wakiwa na furaha. Huku hakuna jiwe la bure. Mimi nilimwambia dukani wanauza vigingi vya plastiki vya kazi hiyo, akanitazama kwa huruma. “Shemeji, hendibreki ni ahadi. Jiwe ndiyo dhamana.” Akatoweka, akarudi amekumbatia jiwe zuri la kijivu, likalala chini ya tairi kana kwamba lilichongwa kwa ajili hiyo. Hatukumuuliza kalitoa wapi. Mvua ilikuwa inaendelea, na mke wangu alikuwa ameshapakua wali.

Wiki zilizofuata zilikuwa za amani, ambazo hazina cha kusimulia. Hatari ilikuwa ndani, kwenye friji.

Friji ya nyumbani ina kompresa. Iegemeze kidogo, itanguruma, itafanya kazi. Friji nyingi za gari-nyumba, hasa zenye umri, ni za aina nyingine kabisa. Asili yake ni wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walioibuni mwaka 1922. Haina mota, haina pampu, haitoi sauti. Moto mdogo wa gesi au waya wa umeme unachemsha maji yaliyochanganyika na amonia; amonia inapaa ikiwa mvuke, inapoa, inakuwa kimiminika, inashuka penye haidrojeni na kuvukizwa tena, na katika kuvukizwa huko inabeba joto la samaki wako. Kisha inamezwa na maji na kurudi ilikoanzia. Msomaji mwenye umri anamjua ndugu yake: friji ya mafuta ya taa iliyotunza chanjo kwenye zahanati zisizo na umeme. Muuguzi aliyeijua kazi yake aliisawazisha kwanza, ndipo akawasha utambi.

Aliisawazisha kwa sababu safari yote hiyo ndani ya mabomba inaendeshwa na kitu kimoja, nacho ni kuteremka. Mabomba yamelazwa kwa mwinamo uliopimwa. Ukiinamisha friji, kimiminika kinatuama pasipo pake, kile chungu cha kuchemshia kinapungukiwa maji na kupata joto kupita kiasi, dawa ya kuzuia kutu iliyomo inageuka chembe ngumu, chembe zinaziba bomba, na bomba likiziba limeziba. Viwanda vilikuwa vikitaja kikomo cha kama nyuzi 3 ubavuni na 6 mbele kwa nyuma kwa friji za zamani. Cha kuudhi ni kwamba gari likiwa linatembea friji haidhuriki, maana mtikisiko wa barabara unakirudisha kimiminika mahali pake. Friji yetu iliweza kuvumilia milima yote ya Scotland. Mmoja tu ulioishinda ni wa nyumbani kwangu, wenye nyuzi 7.

Haya hatukuyajua jioni ya kuamkia safari yetu. Watu wa gari-nyumba hushauriwa kuwasha friji siku moja kabla ya safari ili ipoe. Shemeji aliiwasha pale pale kinjiani kwa gesi, akaijaza: nguru mzima aliyekatwa vipande, nyama ya pilau, maziwa mtindi, na mke wangu akaongeza kachumbari. Safari ilikuwa ya Whitby, baharini. Alfajiri nilifungua mlango wa friji nikapokewa na uvuguvugu. Nguru alikuwa ameshaanza safari yake mwenyewe. Tulichoweza kukiokoa tulikipika saa hiyo hiyo, kabla ya jua kuchomoza, na mtaa mzima ukaamshwa na harufu ya pilau. Mzee mstaafu alikuja na sahani. Fundi aliyeitwa baadaye aliweka sikio kwenye bomba, akaligongagonga, akataja bei ya mtambo mpya wa kupozea. Ilikaribia bei ya friji nzima.

Baada ya msiba huo ndipo neno “sawa” lilipoanza kutamkwa nyumbani kwetu kila siku. Tulinunua zile ngazi za plastiki za manjano ambazo wenzetu hupandishia matairi kambini. Ni vitu vizuri, vinainua tairi kama sentimita 10. Mzee mstaafu akaleta pimamaji lake la chuma, kubwa, la kiwandani, lililowahi kupima mambo ya maana zaidi, akaliweka sakafuni mwa gari. Puto la hewa lilikimbilia pembeni likakataa kutoka.

Akafanya hesabu kwa penseli ukutani mwetu, na bado ipo. Kutoka tairi ya mbele hadi ya nyuma ni mita 4. Mita 4 kwa sentimita 12 na nusu ni sentimita 50. Tulihitaji kuinua pua ya gari nusu mita. Ngazi zetu zilitoa 10.

Shemeji hakukata tamaa. Alikwenda akarudi na mataruma ya reli, ambayo Waingereza huyanunua kupambia bustani. Kila taruma lina unene wa sentimita 12 na ushee. Tukapanga mawili juu ya mengine chini ya matairi ya mbele, zikapatikana 25, na hapo mke wangu akasimamisha ujenzi kwa sababu ngazi ya mlango wa gari ilikuwa imefika kifuani mwa mtoto. Nashukuru kwamba tulikuwa tunainua mbele. Hendibreki hushika matairi ya nyuma. Aliyeingia akitazama nyumba, akataka kusawazisha kwa jeki, inambidi ainue matairi ya nyuma, na yakiachana na ardhi, breki inabaki imeshikilia hewa na gari linashuka zake. Hilo si la mzaha. Atakayesoma haya yote akayasahau, naomba akumbuke hilo.

Tukabaki nusu ya mlima. Na katika hali hiyo ya nusu ndipo alipofika mama mkwe kutoka Temeke.

Tulimwandalia chumba cha juu chenye kitanda kipya. Akalitazama gari, akaingia, akafungua makabati, akafumba, akauliza jiko linawashwaje, na kabla ya magharibi mizigo yake ilikuwa imehamia huko. “Hapa nina mlango wangu,” alisema. Mkwe hana kauli juu ya mahali mama mkwe anapotaka kulala. Nilichoweza ni kumwonesha swichi.

Asubuhi ya kwanza nilimpelekea chai. Nikamsalimia, “Shikamoo mama, umeamkaje?”

“Marahaba baba. Nimeamka, ila si nilipolala.”

Kitanda kiko nyuma, kichwani ndiko juu. Alilala vizuri kichwa kikiwa kwenye mto, na usiku mteremko ukafanya kazi yake. Alfajiri magoti yalikuwa yamefika mlango wa choo na mto umebaki juu peke yake. Akaoga. Bafu la gari lile lina tundu moja la kutolea maji, kwenye kona ambayo kiwandani waliamini itakuwa ndiyo ya chini. Kwetu kona hiyo haikuwa ya chini. Maji yakapuuza tundu yakateremka ukumbini hadi kwenye kiti cha dereva. Alipokaanga chapati, mafuta yalijikusanya upande mmoja wa kikaango. Nusu ya chapati iliogelea na nusu ikaungua, na akawa anaizungusha kama usukani ili iive pande zote. Kabati ukilifungua linabaki wazi, mlango ukiufungua unajifunga kwa kishindo, na kipimo cha maji kikasema tangi limejaa siku ambayo lilikuwa linakoroma kwa ukavu.

Hakulalamika. Alivumilia kwa adabu ya mgeni mpaka Jumapili, tulipokuwa wote tumekaa nje na mzee mstaafu akiwa na sahani yake. Akalitazama gari kutoka mbele, matairi yamepanda mataruma, pua hewani, jiwe chini ya tairi ya nyuma. Akasema, “Wanangu, kwetu gari likikaa hivi tunasema limepata ajali.”

Na habari ya lile jiwe nayo ikaiva. Jirani wa juu ni mtu wa bustani. Ana kitalu cha mawe na maua madogo ya milimani, kila jiwe amelichagua, na mojawapo, la kijivu, lilikuwa limetoweka siku ya mvua. Hakuja kugonga. Aliandika barua, maana mtaa huu watu wenye hasira huandika. Aya ya kwanza iliuliza kwa upole kama tunaweza kulichunguza jiwe lililo chini ya tairi yetu. Aya ya pili ilitukumbusha masharti yaliyomo kwenye hati za nyumba za mtaa mzima tangu zilipojengwa: mbele ya nyumba pasiwekwe karavani, mashua wala kuku. Masharti ya namna hiyo yapo kwenye hati nyingi za Uingereza, na watu wengi hutia saini bila kuyafikia. Hapo ndipo mke wangu alipojua kwamba ndoto yake ya banda la kuku ilizikwa kabla hajazaliwa.

Shemeji akajitokeza kuwa wakili. Karavani, alisema, ni kitu cha kuvutwa. Hili lina injini, ni gari, mkataba haulihusu. Nilitamani awe sahihi. Lakini sheria ya nchi hii ya mwaka 1960 kuhusu maeneo ya karavani inaita karavani pia gari lolote la moto lililotengenezwa watu walale ndani. Nikamsomea. Akasema sheria hiyo ni ya zamani. Nikamwambia na hati ya nyumba ni ya zamani, wameivana. Jiwe lilirudishwa na mama mkwe mwenyewe, likiwa limeoshwa, pamoja na sahani ya maandazi, na barua ya pili haikuandikwa. Tangu siku hiyo wanasalimiana, yeye na yule jirani, kila mmoja kwa lugha yake.

Nilitoa pendekezo langu la Kilushoto: tuchimbe. Tukate mlima, tuweke ukuta wa kuzuia udongo, tupate kiwanja. Mkandarasi alikuja, akapima, akataja bei ambayo ningenunua shamba Mombo nikabaki na nauli. Tena ukitandaza mbele ya nyumba sakafu isiyopitisha maji, ikizidi mita 5 za mraba na maji yake yanakwenda barabarani, tangu mwaka 2008 unahitaji kibali cha halmashauri. Nilimshukuru, nikampa chai.

Gari-nyumba sasa linalala shambani kwa mtu, upande wa Doncaster, ambako ardhi ni bapa na mke wangu anapumua vizuri. Tunalipa kila mwezi. Friji mpya imewekwa, inapoza, na puto la pimamaji linakaa katikati bila kuambiwa. Shemeji huenda kulitembelea akipata mapumziko, na mama mkwe kabla ya kurudi Temeke alilala huko usiku mmoja akaamka kwenye mto wake.

Wewe unayefikiria kununua, usianze na ramani ya Scotland. Chukua futi na pimamaji, nenda mlangoni pako, pima kinjia kinapanda sentimita ngapi kwa kila mita, zidisha kwa umbali wa kutoka tairi hadi tairi wa gari unalolitaka. Jibu likizidi 10, mtafute kwanza mwenye shamba tambarare, mwulize anatoza kiasi gani kwa mwezi, ndipo umpigie simu mwenye gari.